UZI: Nyangumi, dubu na barafuto kwa chombo cha matanga, Alaska ya Kusini-Mashariki

MsukaniImara

Wakuu, habari za majukumu. Kila suala la kusafiri kwa matanga kwenye maji ya kaskazini likiguswa humu, mjadala huishia kwenye picha za barafu na maneno "baridi ya huko si mchezo". Naomba safari hii tuweke uzi wenye nyama. Nitajikita Alaska ya Kusini-Mashariki, ule ukanda wa visiwa kuanzia Ketchikan hadi Glacier Bay, kwa sababu ndiko chombo cha mita 10 hadi 12 chenye watu watatu kinaweza kuwafikia nyangumi, dubu na barafuto (mito ya barafu inayoshuka hadi baharini) ndani ya wiki mbili bila kuingia bahari kuu.

Ninalolisimamia ni hili: huko hupangi safari kwa maili, unapanga kwa maji. Dubu hushuka pwani maji yakipwa. Nyangumi hukaa pale mkondo unapogonga ncha ya kisiwa na kurundika dagaa. Vipande vya barafu hutoka nje ya fiodi (ghuba nyembamba ndefu zenye kuta za milima) maji yanapotoka. Anayekimbizana na maili hupita kila mahali saa ambayo hapana kitu, kisha anasema wanyama wamekwisha.

Msimu ni Mei hadi katikati ya Septemba. Mei na Juni mvua hupungua kidogo, na nasema kidogo kwa sababu Ketchikan hupata zaidi ya milimita 3,500 kwa mwaka. Ndicho kipindi sili wanapozaa juu ya barafu. Julai na Agosti nyangumi ni wengi, samoni wanapanda mitoni na dubu wanawafuata. Tarehe 21 Juni pale Juneau jua huchomoza kabla kidogo ya saa 10 alfajiri na kuzama baada kidogo ya saa 4 usiku. Una saa 18 za mwanga, kwa hiyo unaweza kungoja maji bila kuhofia giza.

Kuhusu matanga, wageni waambiwe mapema: kwenye mifereji ile upepo ama haupo, ama unakuja usoni. Sehemu kubwa ya safari ni injini. Chombo cha mita 11 kikienda noti 6 (maili 6 za bahari kwa saa) hunywa kama lita 2 hadi 3 kwa saa. Pigeni hesabu ya tangi kwa saa za injini, msiipige kwa siku.

BiBamvua

Ahsante Nahodha, umeanza pazuri. Niweke namba za maji, maana hapo ndipo watu wa pwani yetu tunapojiamini kupita kiasi.

Bamvua (maji makubwa) ya Unguja au Mombasa, tofauti ya kujaa na kupwa ni karibu mita 4. Juneau bamvua inafika mita 6 na kupita, na ndani ya saa zilezile sita. Saa ya tatu na ya nne ndizo zinazobeba nusu ya maji yote, yaani mita 3 ndani ya saa mbili. Ufuko uliokuwa umepanda nao kayaki saa ya chai, ukirudi baada ya chakula cha mchana haupo.

Hesabu ya nanga basi. Umekuta kina cha mita 15 maji yakiwa yamepwa kabisa. Yakijaa yatakuwa mita 21. Ongeza mita 1.5 kutoka usawa wa maji hadi omo (mbele ya chombo) pale mnyororo unapotokea: mita 22.5. Kwa mnyororo mtupu, mara nne ya hapo ndiyo kiasi cha chini kwa usiku wa utulivu, ambayo ni mita 90. Mwenye mnyororo wa mita 50 hana pa kulala kwenye nusu ya ghuba za huko. Na duara la kuzunguka kwa chombo lina nusu-kipenyo cha kama mita 100, wakati ukuta wa mwamba uko mita 120. Hapo ndipo wengi hukosea: wanapima kina sawasawa wanasahau kupima nafasi. Palipo pembamba funga kamba ya pili kutoka tezi (nyuma ya chombo) hadi kwenye mti wa nchi kavu, na iache ndefu ya kutosha kwa mita 6 za kupanda na kushuka.

Kosa la pili ni vipimo vya ramani. Ramani nyingi za zamani za Marekani zimeandikwa kwa pima, za Kanada kwa mita. Pima 10 ni mita 18. Ukisoma 10 ukadhani ni mita, mnyororo wako utakuwa mfupi kwa karibu nusu.

Kosa la tatu ni saa. Alaska iko saa moja nyuma ya British Columbia, jimbo la Kanada, na baadhi ya majedwali hayaongezi saa ya kiangazi. Ukikosea saa moja kwenye Sergius Narrows njiani kuelekea Sitka, unakutana na mkondo wa hadi noti 8 ilhali chombo chako kinakwenda 6. Hapo hupiti.

Kijana_wa_Kizingo

Shikamoo Bi Bamvua. Je, Wrangell Narrows nayo ni ya kungoja maji yasimame kama Sergius?

BiBamvua

Marahaba mwanangu. Hapana, ile inataka ujanja mwingine. Ni mfereji wa kama kilomita 35 na maji huingia kutoka ncha zote mbili, yanakutana katikati karibu na Green Point. Ingia na maji yanayojaa ili yakusukume hadi katikati, ufike pale yanapokaribia kugeuka, kisha yatoke nawe upande wa pili. Ukipatia, mkondo uko nyuma yako mwanzo hadi mwisho. Alama za njia ni zaidi ya 60, nyekundu na kijani, kwa hiyo mtu mmoja ashike msukani na mwingine ahesabu alama kwa sauti. Darubini ya kutazama tai iwekwe ndani kwa saa hizo tatu au nne.

Chungulia_Darubini

Naomba nishike upande wa nyangumi.

Wengi wa kule ni nyangumi wa nundu. Majira ya baridi wanakuwa Hawaii wakizaa na hawali kitu cha maana, majira ya joto wanarudi Alaska kujaza mafuta. Ni aina ileile inayopita Watamu na Msambweni kati ya Julai na Oktoba, ila hao wetu wanatoka Antaktika. Tofauti kubwa kwa mtazamaji ni kwamba pwani yetu unawaona wakisafiri na wakicheza; Alaska unawaona mezani. Frederick Sound na Point Adolphus ndiyo majina ya kukariri.

Namna ya kumsoma: kwenye hewa baridi iliyotulia pumzi yake husimama kama mti mweupe wa mita 3 na zaidi, unaiona ukiwa maili mbili au tatu. Atavuta pumzi mara nne, tano, hata nane, akipiga mbizi fupi katikati. Ukiona mgongo umekunjika juu sana na mkia mzima umeinuka, amekwenda chini. Anza kuhesabu: mara nyingi dakika 3 hadi 7, japo anaweza kukaa muda mrefu zaidi. Usiende pale alipozamia. Simama, tazama pande zote, hasa nyuma yako. Upande wa chini wa mkia una rangi nyeusi na nyeupe zilizochorwa tofauti kwa kila mnyama, hivyo picha moja safi ya hapo ina thamani kuliko hamsini za mgongo. Unaweza kuituma Happywhale, tovuti ya kutambua nyangumi kwa picha, na kujua ni nani na alishaonekana wapi.

Kitu cha kungojea hasa ni uvuvi wa mapovu. Nyangumi mmoja au kadhaa huzunguka chini ya kundi la heringi wakitoa hewa, na mapovu yanakuwa kama wando uliosukwa kwa hewa. Dalili ya kwanza juu ya maji ni shakwe: wanaacha kuzurura, wanasimama hewani mahali pamoja wakipiga kelele. Kisha unaona pete ya mapovu inajifunga, maji ya kijani yanakuwa meupe, heringi wanaruka kama mvua inayonyesha kwenda juu, na vinywa vinatokea katikati. Yote kama sekunde kumi. Ukiwa unabadilisha lenzi umekosa.

Sheria ya Alaska ni yadi 100, kama mita 91, kutoka kwa nyangumi wa nundu. Kumpita na kujiweka mbele ya njia yake ili aje mwenyewe pia kumekatazwa. Ndani ya hifadhi ya Glacier Bay ni robo maili ya bahari, mita 463. British Columbia ni mita 100 kwa nyangumi wa nundu na 200 kwa orka (nyangumi muuaji), na kusini mwa huko pamoja na jimbo la Washington masharti ya orka ni makali zaidi na hubadilika. Someni toleo la mwaka huohuo kabla ya kung'oa nanga.

TangaMbili

Nyongeza kwa Chungulia: tukizima injini na kwenda kwa tanga tupu ndiyo heshima kubwa zaidi kwa mnyama. Hakuna kelele, hakuna moshi.

Chungulia_Darubini

Kaka, hapo nakupinga kwa nguvu. Tanga tupu ni kimya, na nyangumi anayekula hasikii kuwa upo. Nyangumi wa nundu hana sonari ya kutafutia njia kama walivyo pomboo na orka, anategemea kusikia. Tani 30 na zaidi zikipanda chini ya mkuku wako, wote mnaumia. Chombo cha matanga kikiwa karibu na nyangumi wanashauriwa wawashe injini, au angalau kipimakina kiwe kinafanya kazi. Injini iwe hai, gia iwe huru, mwendo uwe wa sawasawa bila kupandisha na kushusha. Akikukaribia mwenyewe, usikimbie. Acha gia huru hadi apite.

Kuzima kabisa kuna mahali pake: mmekwisha simama, hakuna nyangumi wa karibu, na mnataka kushusha maikrofoni ya majini. Ishushe mita 10 hadi 20, kamba yake isiguse ubavu wa chombo, na zimeni friji na pampu. Orka wanaokula samaki huongea sana. Wale wanaowinda sili na simba-bahari huwa kimya wakati wa kuwinda, kwa hiyo ukimya kwenye spika hauna maana kuwa hawapo.

TangaMbili

Nimekuelewa mkuu. Nilikuwa nafikiria upande wa kelele tu, sikufikiria kugongana.

fundi_rafadha

Sasa barafu, maana hii ndiyo inayovunja vyombo.

Siwa barafu kubwa halina shida, linaonekana kwa macho na kwa rada. Linalokuua ni lile kipande la ukubwa wa meza au jokofu, lisilotokeza hata mita moja juu ya maji. Sehemu tisa katika kumi ziko chini. Baya zaidi ni barafu nyeusi: ni ile iliyobanwa hadi hewa yote ikatoka, iko wazi kama kioo na inachukua rangi ya maji. Rada haiioni, na jicho linaiona ukiwa mita 15. Kwa hiyo mtu mmoja asimame omo na mti mrefu wa mita 3 hadi 4, mwendo noti 2 au chini. Anayetazama mbele asipige kelele "kushoto, kulia". Anyooshe mkono kuonyesha njia ilipo wazi, maana kelele ya injini inameza maneno.

Kipande kikikaribia rafadha (pangaboi la kusukuma chombo), weka gia huru kabla hakijafika tezi. Rafadha iliyosimama ikigongwa mara nyingi inapona. Inayozunguka inapinda ubapa, shafti inaanza kutetemeka, na kizuia-maji cha shafti kinavuja. Usirudi nyuma ndani ya barafu isipokuwa huna njia nyingine, kwa sababu kurudi nyuma kunavuta vipande kwenye rafadha na msukani. Njia ya maji ya kupoza injini nayo huziba kwa barafu iliyosagika: tazama bomba la moshi kila dakika chache, maji yakipungua zima kabla kengele ya joto haijalia.

Umbali kutoka uso wa barafuto: robo maili ya bahari ni kiwango cha chini kabisa, nusu maili ndiyo akili. Ukiwa nusu maili, ukuta ukianguka unauona kwanza na ngurumo inafika karibu sekunde 3 baadaye. Wimbi lenyewe huja nyuma ya ngurumo, na muda huo ndio wa kugeuza omo lielekee wimbi. Wala usitazame juu tu. Barafuto hukatika pia chini ya maji, na pande hilo huibuka ghafla mbali na ukuta, likipanda kama merikebu inayozaliwa. Wimbi kwenye maji ya kina ni mlima laini unaokuinua na kukushusha. Likifika palipo na kina kifupi linavunjika. Kayaki zote ziwe juu ya sitaha au mbali na fuko za karibu.

Kijana_wa_Kizingo

Na Tracy Arm je? Picha zake ndizo nyingi mtandaoni.

MsukaniImara

Tracy Arm ni fiodi ya kuta wima, maporomoko ya maji kila kona, na barafuto mbili za Sawyer mwisho wake. Mlangoni kuna fungu la kina kifupi lenye alama mbili za kupanganisha. Ziweke mstari mmoja na usiingie maji yakitoka kwa nguvu, kwa sababu mkondo na barafu vinakuja pamoja usoni. Ndani hakuna pa kutia nanga, kina kinapita mita 300. Watu hulala kwenye ghuba ndogo ya mlangoni, huamka alfajiri, huingia na kutoka siku hiyohiyo.

Lakini tuseme na lililotokea. Tarehe 10 Agosti 2025 alfajiri, ubavu wa mlima uliporomoka karibu na South Sawyer, na maji yakapanda ukuta wa upande wa pili zaidi ya mita 400. Barafuto inaporudi nyuma huacha ukuta wa mwamba bila kitu cha kuuegemea. Kule Lituya Bay, ghuba nyingine ya Alaska, tarehe 9 Julai 1958 tetemeko liliangusha mwamba majini, na maji yalifika mita 524. Vyombo vilivyotia nanga humo vilibebwa. Haya si mambo ya kila mwaka, ila yanabadilisha uamuzi wa mahali pa kulala: usilale ndani ya fiodi chini ya mwamba ulioachwa wazi na barafu hivi karibuni, hata kama ramani inaonyesha kina kizuri. Tazama miti. Mteremko wenye msitu wa zamani hadi karibu na maji umetulia muda mrefu. Mteremko wenye ukanda mpana usio na miti umesema kitu.

Jirani yake, Endicott Arm, kuna Ford's Terror. Jina lilitokana na baharia wa Marekani aliyeingia kwa mashua mwaka 1889, maji yakageuka, akanaswa humo saa sita. Huko huingii kwa jedwali peke yake. Ngoja nje, tazama mapovu na magugu yanayoelea, ingia yakisimama kwenye kilele cha kujaa.

Chungulia_Darubini

Sili wa kwenye barafu nao wakumbukwe. Ushauri wa serikali kwa fiodi za barafu ni yadi 500, kama mita 457. Mama akitishwa akaruka majini, mtoto wa wiki moja hubaki peke yake juu ya barafu au hulazimika kuogelea kwenye maji ya nyuzi 4, na mafuta yake bado ni membamba. Dalili ya kuwa umekaribia mno ni kichwa kuinuka. Usisubiri aruke; vichwa vitatu vikiinuka, geuza.

MsukaniImara

Glacier Bay kwa kifupi. Vyombo binafsi vinahitaji kibali kuanzia 1 Juni hadi 31 Agosti. Vibali ni 25 kwa siku, ni bure, kila kimoja kwa siku zisizozidi 7, na maombi yanapokelewa kuanzia siku 60 kabla. Piga redio Bartlett Cove, kituo cha hifadhi, kabla ya kuvuka mpaka, kisha pitia pale upate maelekezo, ni lazima. Johns Hopkins Inlet hufungwa kwa vyombo vyote kuanzia 1 Mei hadi 30 Juni kwa ajili ya sili wanaozaa.

Mwaka 1794, wakati wa msafara wa Vancouver, ghuba hii ilikuwa ukuta wa barafu. John Muir, mtafiti wa mazingira, alipofika mwaka 1879 barafu ilikuwa imerudi nyuma zaidi ya kilomita 48. Kwa hiyo ukipanda nayo unaona umri wa nchi: mlangoni msitu mkubwa, katikati vichaka, mwisho mwamba mtupu uliokwaruzwa.

Toka Bartlett Cove na maji yanayojaa, Sitakaday Narrows ikubebe. Ukiipinga inakula hadi noti 6. Pita South Marble Island kwa umbali wa yadi 100: simba-bahari utawanusa kabla hujawaona, na pafini, ndege wa baharini wenye midomo ya rangi ya chungwa, wanaruka kwa kupapatika kama wamechelewa. Gloomy Knob tafuta vitone vyeupe kwenye mwamba. Kitone kinachosogea ni mbuzi-mwitu wa milimani. Kutoka Bartlett Cove hadi barafuto ya Margerie ni zaidi ya maili 50 za bahari, kwa hiyo lala Blue Mouse Cove au Reid Inlet. Reid ina upepo baridi unaoteremka kutoka kwenye barafu usiku, nanga iwe imeshika barabara.

BiBamvua

Na dubu ni wa maji kupwa, nilimsikia Nahodha akisema. Saa moja kabla ya kupwa hadi saa moja baadaye. Tafuta ufuko wa mawe ya ukubwa wa ndoo. Dubu anaingiza makucha upande mmoja, anapindua jiwe kwa mkono mmoja, analamba kilichoko chini yake, anahamia jiwe la pili. Ukisikia mawe yanagongana asubuhi ya ukungu, ndiye. Kaa ndani ya mashua, gia huru, yadi 100, upepo utoke kwake kuja kwako. Usishuke. Admiralty Island, ambayo wenyeji wake wa asili, watu wa Tlingit, huiita Kootznoowoo, ngome ya dubu, ina kama 1,500. Pale Pack Creek kibali kinahitajika.

Na wanangu, msiokote kome wala chaza huko kwa mazoea ya nyumbani. Sumu ya mwani haionekani, haitoki kwa kupika, na inapooza pumzi.

Kijana_wa_Kizingo

Swali la mwisho kutoka kwangu: darubini na kamera gani, na mtu akianguka majini je?

fundi_rafadha

Kuanguka kwanza. Maji kiangazi ni nyuzi 8 hadi 13, karibu na barafu chini ya hapo. Dakika 1 ya kwanza ni ya kutawala pumzi, dakika 10 mikono bado inafanya kazi, kama saa 1 kabla ya kupoteza fahamu. Kwa hiyo jaketi la kuokolea livaliwe, na ngazi ya tezi iwe inaweza kushushwa na aliye majini. Hita ya dizeli ni kifaa cha lazima: hata siku za kawaida ndiyo inayokausha nguo na kuta za ndani.

Chungulia_Darubini

Darubini ya 7x50, au 8x42 kama unataka nyepesi. Zaidi ya hapo chombo kikiyumba picha haitulii. Lenzi ya milimita 100 hadi 400, kasi ya shata 1/1000 na kuendelea, hata ikibidi kupandisha ISO. Na kamera ikitoka sitahani kuingia chumba chenye hita, ifunge kwanza kwenye mfuko wa plastiki huko huko nje, uiache ndani ya mfuko kama nusu saa. Umande utaganda juu ya mfuko badala ya ndani ya lenzi. Kadi ya picha itoe kabla ya kufunga mfuko, la sivyo utaufungua baada ya dakika mbili.